Nilikwenda kujitoa kwenye mfuko wa pensheni, nikakuta nimeshatolewa

Tathmini hii inahusu mfuko wa pensheni wa NSSF, huduma ambayo wengi wetu tunailipia bila kuichagua na hatuwezi kuirudisha dukani. Kwa miaka mitano na miezi miwili nilikuwa mtunza stoo katika kiwanda kimoja cha kubangua korosho hapa Mtwara, na kila mwezi kwenye hati yangu ya mshahara ulikuwapo mstari wa makato ya pensheni, shilingi 30,000, yaani asilimia 10 ya mshahara wangu wa shilingi 300,000. Mwajiri alipaswa kuongeza kiasi kama hicho, kisha jumla ya shilingi 60,000 iende kwenye mfuko. Mkataba wangu ulikwisha Septemba 2023 na haukuhuishwa. Kama wenzangu wengi tuliotoka siku ile, nilitaka kitu kimoja tu: nipewe changu chote, niage, nisirudi tena.

Ofisini nilihudumiwa na kijana ambaye umri wake haupishani sana na wa mwanangu wa kwanza. Alinipa shikamoo, akanivutia kiti, akaomba kitambulisho cha Taifa na namba ya uanachama. Nilipomwambia kwamba nimefuata fao la kujitoa, alitabasamu kama mtu anayelisikia neno hilo mara kumi kwa siku.

"Mama, fao la kujitoa halipo siku hizi, lipo la kukosa ajira. Lakini kabla ya hayo, hebu tutazame michango yako."

Aligeuza kioo cha kompyuta ili nami nione. Miezi ilipangwa kutoka juu kwenda chini, kila mmoja na tarakimu zake, na kwa muda nikafurahi kuona jasho langu limeandikwa vizuri namna ile. Kijana akaweka kidole kwenye mstari wa Mei 2019, halafu akakishusha kwenye mstari uliofuata. Uliofuata ulikuwa wa Machi 2021.

"Hapa katikati ulikuwa kazini, mama?"

"Nilikuwa kazini, mwanangu. Sijakosa mwezi hata mmoja."

"Basi hapa pana shimo."

Shimo lenyewe ni miezi 21. Ukizidisha kwa shilingi 60,000 unapata shilingi 1,260,000, na nusu ya fedha hizo ilishakatwa kwenye mshahara wangu kabla sijaigusa. Nilikwenda kudai haki ya kujitoa kwenye mfumo, kumbe kwa karibu miaka miwili kuna mtu alikuwa ameshanitoa kwa siri, tena bila kunipa hata senti ya nauli. Nitalirudia jambo hili, maana ndilo lililobadilisha namna ninavyoutazama mjadala mzima wa kama mwanachama aruhusiwe kujitoa na kuchukua michango yake.

Nianze na huduma yenyewe inatoa nini. Tangu Agosti 2018 mifuko yetu mikuu ya Tanzania Bara ni miwili. PSSSF inahudumia watumishi wa umma na ilitokana na kuunganishwa kwa mifuko ya zamani ya PSPF, LAPF, GEPF na PPF. NSSF inahudumia sekta binafsi pamoja na sisi tunaojiajiri. Katika yote miwili mchango wa kisheria ni asilimia 20 ya mshahara, isipokuwa mgawanyo hutofautiana: mtumishi wa umma hukatwa asilimia 5 na mwajiri wake hutoa 15, wakati huku kwetu mzigo hugawanywa nusu kwa nusu. Ili upate pensheni ya kila mwezi unahitaji michango isiyopungua miezi 180, na umri wa kustaafu kwa hiari ni miaka 55, kwa lazima 60. Mwajiriwa hana mahali pa kuweka alama ya kusema hataki.

Zamani palikuwa na mlango. Mtu akiacha kazi aliweza kudai michango yake yote na kuondoka, na hilo ndilo lililoitwa fao la kujitoa. Mlango ulifungwa kwa sheria mwaka 2012, kelele zikawa kubwa, hasa kutoka kwa wafanyakazi wa migodini ambao mikataba yao ni mifupi na ambao hawakuona mantiki ya kusubiri hadi umri wa miaka 55 wakati mgodi wenyewe hautafika huko. Sheria ya mwaka 2018 ikaleta fao la kukosa ajira badala yake. Masharti yake, kama nilivyoelezwa siku ile, ni kwamba uwe umechangia angalau miezi 18, usiwe umeacha kazi kwa hiari yako, na hapo utalipwa asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi sita. Kwangu mimi ilikuwa shilingi 99,900 kwa mwezi, jumla shilingi 599,400. Ukipita miezi 18 bila ajira unaweza kuomba michango yako ihamie kwenye uchangiaji wa hiari.

Fedha hizo zililipwa na zilinisaidia. Nilinunua jiko la mkaa kubwa, sufuria mbili na magunia ya kwanza ya korosho ambazo leo nazikaanga na kuzifunga kwenye vifuko ninavyowauzia abiria wa stendi ya Mkanaledi. Sitaki kuonekana mtovu wa shukrani. Ila kichwani nilikuwa na hesabu nyingine: miezi 41 iliyokuwapo kwenye kompyuta, mara shilingi 60,000, ni shilingi 2,460,000, na kwa fedha hizo nilishaanza kuulizia bei ya bodaboda ya mtumba ya kumpa mdogo wangu aendeshe aniletee hesabu ya kila siku. Hiyo ndiyo hoja ya kujitoa katika umbo lake la kweli. Haitoki vitabuni, inatoka kwa mtu mwenye mtoto wa shule, kodi ya chumba na fedha zake mwenyewe anazoziona kwenye kioo bila kuruhusiwa kuzigusa.

Kwa sisi wa Mtwara na Lindi hoja hii ina ndugu yake shambani, na ndugu huyo anaitwa kangomba. Mnunuzi wa kangomba huja kijijini nje ya mfumo wa stakabadhi ghalani, ambao korosho hukusanywa ghalani na kuuzwa kwa mnada, wakati mwingine korosho zikiwa bado juu ya mti, na hununua kwa bei ya kutupa kwa sababu anajua mkulima ana mgonjwa ndani au sare za shule za kununua. Mkulima hafanyi ujinga. Anauza kesho yake kwa bei ya leo kwa kuwa leo ndiyo inayombana koo. Mnada ukifunguliwa Oktoba na bei ikapanda, anayecheka ni yule mwenye gari. Nilipokuwa nikidai michango yangu yote kwa ajili ya bodaboda, nilikuwa najifanyia kangomba mimi mwenyewe.

Hata hivyo haitoshi kumwambia mkulima asubiri ghala. Mfumo wa ghala nao umewahi kuwatoa watu machozi: Aprili 2013 kule Liwale nyumba zilichomwa moto wakulima walipokosa malipo ya pili kama walivyotarajia. Mtu husubiri pale tu anapoamini kwamba anachosubiri kitakuja, na kitakuja kwa kipimo kilekile alichoambiwa. Hapo ndipo mifuko ya pensheni imejiharibia yenyewe jina. Kanuni za mwaka 2018 zilitamka kwamba mstaafu atalipwa mkupuo, yaani sehemu ya mafao inayotolewa mara moja, wa asilimia 25, wakati baadhi ya watumishi walizoea asilimia 50. Desemba mwaka huohuo Rais Magufuli akazisimamisha. Julai 2022 ukaja mkupuo wa asilimia 33 kwa wote. Bajeti ya mwaka 2024 ikapandisha hadi 40 kwa waliokuwa kundi la 50, na hadi 35 kwa waliokuwa kundi la 25. Inawezekana kila badiliko lilikuwa na sababu nzuri ya kihesabu, lakini kwa anayechangia ni kama kucheza bao na mtu anayebadili idadi ya kete kila mnapomaliza mzunguko. Watu hawadai kujitoa kwa sababu wanachukia uzee wao, bali kwa sababu hawajui watapewa nini wakiufikia.

Kwa hiyo nilikaa na kalamu nikapiga hesabu, na ninaiweka hapa kwa sababu sijaona wengi wakiifanya kwa mshahara mdogo kama wangu. Tuseme nimefikisha miezi 180 kamili na wastani wa mshahara wangu wa miaka mitatu iliyo bora ni uleule wa shilingi 300,000, yaani 3,600,000 kwa mwaka. Kikokotoo, yaani kanuni ya kupigia hesabu ya pensheni, kinagawanya miezi 180 kwa 580, kisha kinazidisha kwa mshahara wa mwaka, na jibu ni takribani shilingi 1,117,000 kwa mwaka. Mkupuo kwa kundi letu ni asilimia 35 ya hiyo, mara 12.5, ambayo ni kama shilingi 4,888,000. Asilimia 65 iliyobaki hulipwa kila mwezi, kama shilingi 60,500. Katika miezi hiyo 180 mimi na mwajiri tutakuwa tumechanga shilingi 10,800,000, na kati ya hizo zilizotoka mfukoni mwangu ni 5,400,000. Mkupuo peke yake unakaribia kuzifuta, na pensheni ya miezi tisa inamalizia. Fungu la mwajiri nalo hurudi baada ya miaka minane na ushee tangu kustaafu, na kuanzia hapo naishi kwa fedha ambazo hazikuchangwa na yeyote kati yetu. Hapo sijagusa kima cha chini cha pensheni, ambacho kwa watu wa mshahara kama wangu kinasogeza mambo mbele zaidi, wala pensheni ya urithi kwa watoto iwapo nitatangulia.

Yupo atakayesema kwamba thamani ya shilingi inashuka, na kwamba shilingi 60,500 ya miaka kumi na tano ijayo haitanunua hata kikapu cha ming'oko, mizizi ya porini tunayoila huku kwetu. Ni kweli. Lakini hasara hiyohiyo ingezikuta pia fedha zilizo chini ya godoro, na ingeyakuta matairi ya bodaboda kwa kasi kubwa zaidi. Jirani yangu mmoja pale Magomeni aliwahi kulipwa michango yake yote zamani, kabla ya mlango kufungwa. Alinunua pikipiki mbili. Moja iliibwa ndani ya miezi minne. Nyingine iko nyuma ya nyumba yake, haina injini, na kuku wanatagia kwenye kiti chake. Simtaji ili nimcheke, maana ni mchapakazi kuliko mimi. Sasa ana zaidi ya miaka 60 na bado anabeba zege.

Nchi zilizofungua mlango zina mengi ya kutuambia, na si yote yanayoungana na upande mmoja. Chile mwaka 1981 iliwaacha wafanyakazi waliokuwapo wachague kubaki kwenye mfumo wa zamani au kuhamia akaunti binafsi za asilimia 10 ya mshahara zinazosimamiwa na kampuni, na walioingia kazini baadaye hawakuwa na hiari tena. Majeshi yalibaki na mfumo wao, jambo ambalo kwangu linasema mengi kuliko hotuba. Kufikia mwaka 2008 serikali ililazimika kurudi na pensheni ya mshikamano kwa waliozeeka na akaunti tupu au nusu tupu, na kati ya 2020 na 2021, wakati wa UVIKO, watu waliruhusiwa kuchota mara tatu, wengi wakabaki bila salio. Uingereza nayo iliruhusu watu kutoka kwenye sehemu ya pensheni ya serikali kwa miongo kadhaa, kisha ikaufunga mlango huo wote mwaka 2016.

Ninaoupenda zaidi ni mfano wa majirani zetu Wakenya. Sheria yao ya mwaka 2013 inagawa mchango katika tabaka mbili: la kwanza halitoki kwenye mfuko wa taifa kwa namna yoyote, la pili mwajiri anaweza kuomba lipelekwe kwenye mfuko mwingine wa pensheni uliokubaliwa na mamlaka ya usimamizi. Fedha haziendi mfukoni mwa mtu wala kwenye bodaboda. Zinahama ghala tu, na zinabaki kuwa za uzeeni. Kama siku moja tutafungua mlango huku kwetu, ningependa uwe wa namna hiyo, kwa sharti moja ambalo Wakenya hawakuliweka: anayeomba kuhama awe mwanachama mwenyewe, asiwe mwajiri. Nina sababu zangu za kulisema hilo.

Nirudi kwenye lile shimo. Katika mazungumzo ya kujitoa tunamzungumzia raia anayesema "sitaki" na dola inayomjibu "lazima". Katika miaka yangu mitano kiwandani sikumwona mtu wa namna hiyo. Nilimwona mwajiri anayekata fedha, anazizungusha kwenye ununuzi wa korosho ghafi, na anaendelea kuandika neno "pensheni" kwenye hati ya mshahara kana kwamba hakuna kilichotokea. Yeye ndiye aliyejitoa, kwa niaba yangu, akabaki na michango yote miwili. Hakuhitaji sheria ya Chile wala ya Kenya, kwani ilimtosha kujua kwamba sisi wabanguaji na watunza stoo hatuna desturi ya kwenda kuulizia taarifa za michango yetu.

Madhara yake hayakusubiri uzee. Mwanangu wa mwisho alizaliwa Desemba 2021. Fao la uzazi hutaka mama awe na michango ya miezi 36, na mimi wakati huo nilikuwa na miezi 41 kazini. Nilimuuliza afisa utumishi wa kiwandani kuhusu fao hilo, akanijibu kwamba mfuko unachelewesha, nikamwamini, nikaacha. Sasa najua kwamba kwenye kompyuta nilikuwa na miezi 20 tu. Nilimlaumu asiyehusika kwa miaka miwili nzima, na nilipokuja kudai kujitoa nilikuwa na hasira ambayo nusu yake ilikuwa na anwani isiyo sahihi.

Huduma ya mezani naipa alama nne kati ya tano. Nilielezwa kwa Kiswahili ninachokielewa, niliandikiwa kwenye karatasi nyaraka za kurudi nazo, na madai ya ile miezi 21 yalifunguliwa jalada mbele yangu. Bidhaa yenyewe, kama kitu cha kununua kwa ajili ya uzee, naipa tatu, na ingepata nne kama kikokotoo kingekaa mahali pamoja kwa miaka kumi. Alama ya tano naizuia kwa sababu ya jambo moja ambalo naliona ni dogo kulitekeleza: mwanachama angepaswa kupata ujumbe kwenye simu kila mwezi ambao mchango wake haujafika, kama ambavyo benki hunijulisha hata nikitoa shilingi 5,000. Hivi sasa, kwa vitendo, mzigo wa kukagua hubaki kwa mwanachama, na mwanachama hukagua siku anapotaka kuondoka, yaani wakati umeshapita.

Kwa wauza karanga, mafundi na wavuvi wanaoniuliza kama wajiunge kwa hiari, ninawaambia wajiunge ikiwa wanaweza kuacha shilingi 30,000 kwa mwezi, kiwango nilichotajiwa cha kuanzia, na wasijiunge ikiwa itawabidi kuzikopa. Anayetaka fedha anazoweza kuzichukua wakati wowote aangalie vipande vya UTT AMIS, mifuko ya uwekezaji wa pamoja, ambako hakuna anayemsubirisha hadi miaka 55, lakini ajue kwamba hapo hakuna pensheni ya ulemavu wala ya urithi. Mimi nimeamua kubaki. Nikirudishiwa miezi yangu 21 nitakuwa na 62, zitabaki 118, na nikiwa na miaka 46 sasa nitazimaliza kabla ya 57 nisiporuka mwezi. Nisiporudishiwa zinabaki 139. Msimu wa korosho ukiwa mzuri nitachangia miezi miwili kwa pamoja, ukiwa mbaya nitachangia kwa shida.

Ili madai yangu yakamilike nimetakiwa kupeleka hati za mshahara za miezi yote iliyokosekana. Mama yangu alinifundisha kutotupa karatasi yenye muhuri, kwa hiyo nilikuwa nazo 17 ndani ya kopo la maziwa ya unga juu ya kabati, zimekunjwa nne nne, baadhi zimeliwa pembeni na mende lakini tarakimu zinasomeka. Nne zimepotea, za Agosti hadi Novemba 2020. Mhasibu tuliyekuwa naye wakati huo amerudi kwao Nanyamba na anasema nakala anazo. Jumamosi nitapanda gari la asubuhi nimfuate.